Nilikata plastiki kwa mashine nikaiita mbolea: yaliyonikuta katika shamba la Mama Kadzo, Mambrui

Wakuu, heshima kwenu. Mliokula na ambao hamjala, someni tu, ila msitie mboga ya majani mdomoni mpaka mfike mwisho.

Jambo hili ninalo tangu mvua kubwa zilipokatika, na naona nikizidi kulimeza litanikaba. Yote ni kweli, hata pale panaponiaibisha, na pananiaibisha karibu pote. Sijaongeza chumvi. Chumvi ilikuwepo ya kutosha tangu mwanzo, mtaona.

Kwanza mnijue.

Mimi ni fundi wa friji. Nilizaliwa Nyandarua, kule ambako baridi ni ya bure, nikateremka Malindi kutafuta mahali ambapo friji zinakufa kila siku. Naishi Kisumu Ndogo na mke wangu Wanjiru na watoto wetu wawili. Kazi yangu kubwa ni ya mahoteli. Wageni wakiondoka hoteli zinazima friji, na fundi naye anazimwa mpaka msimu urudi.

Ndiyo maana nikatafuta shamba.

Nilipata nusu ekari karibu na Mambrui. Mwenyewe ni Mama Kadzo, Mgiriama, mjane, ana goti bovu na ulimi mzima. Binti yake Kadzo ameolewa Kaloleni, na wakati huo mimba changa ilikuwa inamsumbua, kwa hiyo mama alitaka kwenda kukaa naye. Akanikodisha shamba kwa misimu mitatu ya mboga, kama miezi kumi hivi.

Hatukuandikiana kitu. Alisimama katikati ya shamba, leso kiunoni, akaniambia hivi:

"Mwanangu, hili ndilo jiko langu. Mboga yote niilayo yatoka hapa, sina pengine. Nikirudi nataka kupanda siku iyo hiyo. Usije ukanipa sababu."

Nikamwambia, "Mama, utalikuta zuri kuliko ulivyoliacha."

Wakuu, kuna maneno mtu akiyasema ingefaa meno yang'oke papo hapo ili yamkumbushe.

Sasa twende kwenye udongo.

Udongo wa pale ni mchanga mtupu. Ukimwaga maji unayasikia yakishuka kwenda zao. Bila mbolea utavuna miti ya sukuma wiki, si majani. Na samadi ya ng'ombe kupatikana ni kazi, maana kila mwenye zizi ana shamba lake, na kila mwenye shamba ana shemeji wa kumgawia kabla yako.

Lakini pwani kuna mwani. Kuna wakati unajaa ufukweni mpaka unashindwa kuona mchanga, marundo na marundo, yananuka, na wenye mahoteli wanalipa watu wauondoe. Mbolea imelala pale, haina mwenyewe.

Wenyeji wanaijua, msidhani niliigundua mimi. Kabla hajasafiri, Mama Kadzo alinionyesha wanavyofanya. Yeye na jirani zake wawili walitandaza mwani juu ya makuti, wakauacha unyeshewe mvua mbili tatu mpaka chumvi itoke. Kisha wakakaa chini, miguu wamenyoosha, wakaanza kuuchambua kwa mikono kama wanavyochambua mchele. Fungu baada ya fungu. Hapa kamba ya nyavu, hapa kifuniko cha soda, hapa kipande cha patipati, ile kandambili ya mpira, vyote vinatupwa pembeni. Asubuhi nzima. Huku wanamsema mke wa mtu fulani ambaye mpaka sasa sijamjua ila habari zake zote ninazo.

Mimi nikasimama pale na saa yangu mkononi. Nikaona akina mama watatu, asubuhi nzima, magunia mawili.

Nikasema moyoni: ndiyo maana hawa watu hawaendelei.

Ndiyo, niliwaza hivyo. Niliahidi ukweli.

Kwetu Nyandarua kila boma lenye ng'ombe lina chafkata, ile mashine ya kukata majani ya mifugo. Unaingiza majani marefu upande huu, upande wa pili yanatoka kama majani ya chai. Kwa akili yangu ya bara nikaona jibu liko wazi. Mwani ni majani. Majani hukatwa. Ukikatwa mdogo utaoza haraka. Kuchambua kwa nini wakati kuna injini?

Nikaagiza mashine ya marehemu baba ije kwa lori la viazi. Ilifika ikiwa na udongo mweusi wa kwetu bado umeganda kwenye magurudumu. Nikaupangusa kwa mapenzi kabisa. Laiti ningejua, udongo ule ndio ulikuwa kitu pekee cha maana kwenye ule mzigo.

Aliyenibebea mwani kutoka ufukweni ni Katana, ana tuktuk ya mizigo. Mtu mpole, mzito wa maneno, lakini likitoka limetoka. Tulijaza magunia ya sandarusi, yale ya nyuzi za plastiki, tukapeleka shambani, mvua mbili tatu zikautoa chumvi, mashine ikawashwa. Mimi nalisha, yeye anapokea.

Baada ya muda akazima injini.

"Bosi, hii si mwani. Hii ni kamba ya nyavu."

"Wewe ingiza tu. Itaoza."

"Itaoza lini?"

"Kila kitu huoza, Katana."

"Patipati ya babu iko nyuma ya nyumba mpaka leo. Babu mwenyewe alishamaliza kuoza kitambo."

Nilicheka, nikawasha mashine.

Wakuu, ile mashine ilifanya kazi nzuri mno. Hilo lazima niliseme. Kamba za buluu, za kijani, za rangi ya machungwa, vibonge vyeupe vya maboksi ya samaki, chupa, vifuniko, miswaki, mfuko ambao serikali ilishaupiga marufuku na bado unaelea kwa raha zake, vyote viliingia virefu vikatoka vifupi. Rundo langu lilikuwa na vijipande vya kila rangi. Mke wangu alipoliona akasema linapendeza kama shanga. Nikaona fahari.

Jua linafanya kazi hiyo kwa miaka mingi, linaikausha plastiki, inapasuka, inamomonyoka. Mimi niliimaliza kwa alasiri tatu, kwa petroli yangu mwenyewe.

Halafu kulikuwa na kitu kimoja kilichonigusa, nikakipuuza. Katikati ya ule mwani niliokota pakiti ya maziwa ya kwetu. Ile ile ninayoijua tangu utotoni, maandishi yamefifia lakini ng'ombe bado anatabasamu. Ilifikaje? Tazameni ramani. Mto Sabaki unaomwaga maji yake hapo kati ya Malindi na Mambrui unatoka bara. Unapita kwa watu wote wale wa juu ukikusanya wanachotupa, na mwisho wake ni hapa. Sisi wabara tukifika pwani hodari sana wa kuwaambia wenyeji wasafishe mazingira. Kumbe uchafu wetu ulitutangulia, tena haukulipa nauli.

Na ile pakiti nayo niliitia kwenye mashine.

Rundo lilipooza nikalichanganya na udongo, na msimu wa kwanza sukuma ilikubali. Msimu wa pili spinachi ilitoa majani ya kufunika sahani. Nikajipiga kifua. Nikapiga picha. Wapo humu jukwaani wanaoukumbuka uzi wangu wa mbolea ya bure kutoka baharini. Mlinipongeza sana. Mmoja aliniita profesa, na baadaye akanitumia picha ya mashine yake mpya na rundo lake la shanga. Mkuu, popote ulipo, wewe ndiye wa kwanza ninayekuomba radhi. Zima hiyo mashine leo.

Msimu wa tatu mvua ikanyesha ya kweli.

Mvua ya Mambrui haina adabu. Iliupiga ule mchanga siku mbili mfululizo. Nilipokwenda siku ya tatu nilikuta shamba limevaa kanga. Vijipande vya rangi vimeibuka juu, vimejipanga kwenye kila mfereji mdogo wa maji, buluu, kijani, vyeupe. Vyeupe ndivyo vingi zaidi. Kuku wa jirani walikuwa wamefika kabla yangu wanavidonoa kwa bidii, wakidhani ni neema.

Nikang'oa mche mmoja wa spinachi. Mizizi ilikuja imekumbatiana na nyuzi za buluu, huwezi kujua upi mzizi upi uzi. Nikavuta uzi, mzizi ukakatika. Nikang'oa mwingine, hivyo hivyo. Nikachuchumaa pale nikachota udongo kiganjani na kuutazama kwa karibu, jambo ambalo kwa misimu miwili sikuwahi kulifanya.

Hapo nikaelewa kwamba ninavyoviona ni vile vikubwa. Chini yake kulikuwa na vidogo zaidi, na chini ya hivyo vumbi linalong'aa ambalo si mchanga.

Nikaogopa. Nasema wazi, niliogopa. Si kwa ajili ya mboga zangu. Mama Kadzo alikuwa amebakiza wiki tano arudi.

Nikatafuta wataalamu. Kuna mradi mmoja wa mazingira, sitautaja, huwa wanakuja ufukweni Jumamosi wamevaa fulana mpya zinazofanana, wanaokota taka saa moja, wanapiga picha saa mbili. Nikawaomba waje shambani. Wakaja watatu na gari.

Mkubwa wao akachota udongo, akautia kwenye mfuko wa plastiki.

Nilimtazama usoni nione kama anatania. Hakuwa anatania.

Akanieleza kwa upole kabisa kwamba hii inaitwa maikroplastiki, kwamba ni tatizo la dunia nzima, kwamba kumbe mashambani nako imo na watu wamezoea kuitafuta baharini tu. Nikamuuliza, inatolewaje? Akasema utafiti unaendelea. Nikamuuliza, mboga zinaifyonza? Akasema kuna dalili, lakini utafiti unaendelea. Nikamuuliza, anayekula anadhurika? Nyote mnajua alichojibu.

Sikumlaumu kwa kutojua. Afadhali anayesema hajui kuliko mimi niliyejua kila kitu. Lakini walikula chakula chao cha mchana pale pale chini ya kivuli cha gari, na walipoondoka niliokota vijiko vitatu vyeupe vya plastiki. Wakaniomba na picha, nimeshika mche, na nisitabasamu sana.

Basi nikaanza mwenyewe.

Nilinunua wavu wa kuchekechea mchanga, ule wa mafundi wa nyumba. Nikachekecha siku nzima. Vikubwa vikabaki juu, vidogo vikapita na mchanga kama marafiki wa siku nyingi. Nikajaribu ungo, nikapeta. Upepo ukachukua vibonge vyeupe ukavipeleka kwa jirani, nikamwomba radhi jirani. Nikajaribu maji: unatia udongo kwenye beseni, unakoroga, vinavyoelea unaviopoa. Vingine vinaelea. Vingine vinazama na mchanga vinakaa chini vinakutazama. Nyuzi hazielei wala hazizami, zinazunguka tu.

Kwa siku nne nilisafisha sehemu ya kutosha kutandika godoro. La mtu mmoja. Na haikuwa safi.

Kuna mtu nilimdokezea akanishauri nichome shamba. Mkuu, nilishageuza mwani wa bahari kuwa plastiki, sasa niigeuze plastiki kuwa moshi niwavutishe watu wa Mambrui? Mwingine akasema lima kwa trekta, uifukie chini kabisa. Mizizi inakwenda wapi, juu?

Hapa ndipo nilipokosa kabisa, na hapa ndipo naona aibu zaidi ya mahali pengine.

Nilitafuta samadi. Ile ile niliyosema haipatikani, ghafla ilipatikana, nikaenda mpaka ndani ndani huko nikalipa bila kubishana. Nikamwita Katana. Tukabeba safari sita. Nikaitandaza juu ya shamba zima, nzuri, nyeusi, imeiva. Ukisimama pembeni ungesema hili ndilo shamba bora kutoka Sabaki mpaka Gongoni.

Safari ya mwisho Katana alipomaliza kushusha alijipangusa mikono akasema tu, "Sasa limevaa buibui." Akaondoka.

Mama Kadzo akarudi.

Hakurudi peke yake. Alirudi na Kadzo, na Kadzo alikuwa na mtoto wa kike wa miezi minne mgongoni. Mume amepata kazi ya melini, kwa hiyo mama na mwana watakaa Mambrui kwa muda. Nilimwamkia Mama Kadzo shikamoo, akaitika marahaba kwa furaha, akanishukuru kwa kulitunza shamba. Akamwonyesha binti yake ile samadi. "Waona? Na watu husema wabara hawana imani."

Nilitabasamu. Nilikuwa nimevaa shati jeupe, wakuu, kwa ajili ya kukabidhi shamba.

Kisha akachukua jembe lake dogo la mkono, akapiga goti lile zima, akaanza kutengeneza tuta la mchicha. Siku iyo hiyo, kama alivyosema. Hakuwa mtu wa kutazama juu juu. Pigo la kwanza samadi ilifunguka. Pigo la pili ukatoka mchanga, na ndani yake buluu.

Akaokota. Akapiga tena. Akaokota. Alikuwa akiviweka kwenye pembe ya leso yake, kimoja kimoja. Mimi nimesimama, jasho linanitoka hata nyuma ya magoti.

"Nini hivi?"

Nikasema, na Mungu ananisikia nilisema hivi, "Sijui mama. Labda upepo umeleta."

Akapiga jembe mahali pengine. Kijani. Akanyanyua macho.

"Upepo gani huu wachimba?"

Kadzo alicheka. Mimi nikakaa chini kwenye samadi na shati langu jeupe, nikamweleza yote. Mashine, kamba, pakiti ya maziwa, wavu, beseni, mpaka safari sita za kufunika. Nilikuwa tayari anitukane. Nilitaka anitukane. Nilikuwa nimekuja na bahasha ndani ya mfuko, nikaitoa, nikamwambia hii si ya kodi, ni ya kumwomba radhi.

Hakuitazama bahasha.

"Utanunua nayo udongo? Niambie dukani wauzwa wapi, nimtume Kadzo."

Nikairudisha mfukoni.

"Wewe nilikuonyesha," akasema. "Nilikuketisha hapa ukaona. Sisi tulipokuwa twachambua, wewe ulidhani twafanyani?"

"Nilidhani mnapiga domo, mama."

"Tulikuwa twapiga. Mkono wafanya kazi, mdomo wacheza. Kwani kwenu kazi hufanywa mdomo umefungwa?"

Nikamuuliza atafanya nini. Nikapendekeza asipande, angoje, labda itafutwe sehemu nyingine. Hapo ndipo alipokasirika kweli. Akasimama, goti likalia.

"Sehemu ipi? Niambie ipi. Huyu mtoto mamake anyonyesha, ale nini leo? Nikale mawe? Nitapanda hapa hapa kwa sababu hapa ndipo nilipo. Na wewe utakuja kuchambua."

"Mama, haichambuliki. Nimejaribu."

"Najua haichambuliki. Njoo uchambue."

Nikaenda. Naenda mpaka leo, kila Jumamosi. Nakaa chini miguu nimenyoosha, naokota. Jirani zake wale wawili huja na kukaa nami, na sasa wa kusemwa si tena mke wa mtu fulani, ni mimi, mbele ya masikio yangu. Wamenipa jina. Wananiita Mashine. Hata watoto wa madrasa wakipita wananisalimia, "Mashine, shikamoo." Naitika marahaba, nifanyeje.

Kila Jumamosi najaza kopo moja. Kila mvua inaleta kopo jingine juu.

Wiki mbili zilizopita Katana alifika nyumbani Kisumu Ndogo na fungu la mchicha limefungwa kwa ukindu. Mama Kadzo akivuna mara ya kwanza hauzi. Huwagawia wote waliotia mkono katika lile shamba. Fungu lile lilikuwa langu.

Nilidhani ananicheza shere. Nikampigia simu kumshukuru, nikitega sikio nisikie dhihaka. Hakuna. Akaniuliza watoto hawajambo, akaniambia mchicha huo nisiutie maji mengi, ni laini.

Wanjiru aliupika kwa nazi. Akaweka mezani na ugali. Harufu nzuri kabisa. Watoto wakanawa. Mimi nikachukua ugali na chumvi, nikasema sina hamu ya mboga leo.

Mke wangu si mtu wa kelele. Alinitazama, akatazama sahani za watoto, akaelewa. Alijua yote, nilishamweleza.

"Usile, kisha wao wale?"

"Hapana. Na wao wasile."

"Sawa," akasema, akakusanya sahani. Akasimama nazo mlangoni kama anayetafuta pa kumwaga. "Na Mama Kadzo jioni hii anakula nini?"

Nikafinyanga tonge la ugali.

"Na Kadzo anayenyonyesha?"

Wakuu, nilimwambia arudishe sahani yangu. Watoto sikuwapa. Mimi nilikula, yangu na yao, mpaka sufuria likabaki tupu. Ulikuwa mtamu. Hilo ndilo lililoniuma zaidi, ulikuwa mtamu kweli.

Basi somo langu ni hili, na sina la kuwapamba. Plastiki haiozi shambani, inazidi kuwa ndogo tu mpaka unashindwa kuishika. Ikiwa bado kubwa, mkono wa mtu unatosha. Ikishakuwa ndogo, hakuna mkono. Kama unatumia mwani, taka za sokoni au mboji ya kununua, kaa chini uchambue kabla, hata kama itakula asubuhi nzima. Nailoni ya kufunika matuta ing'oe ikiwa nzima, usingoje ichanike. Gunia la sandarusi likianza kutoa nyuzi lisilale shambani. Na ukiona watu wanafanya kazi polepole, waulize kwanza wanatoa nini, kabla hujaleta injini yako.

Ule uzi wangu wa zamani nimewaomba wasimamizi waufute. Wamesema una wasomaji wengi mno.

Karibuni mchangie. Wa kunitukana watukane, nimezoea, jina ninalo tayari. Ila kama kuna anayejua kwa hakika, si kwa dalili, namna ya kuitoa kwenye udongo, au anayejua kama inapanda kwenye jani, naomba aandike hapa, na aandike upesi. Mtoto wa Kadzo alitimiza miezi sita juzi. Jana bibi yake alinituma nimletee kinu kidogo kutoka sokoni Malindi, anataka kumpondea mchicha.

Kinu nimeshanunua. Kiko hapa mezani, na kesho ni Jumamosi.